Mahali pa Kalama Kando ya Baba

Habari ilimfikia Dorcas akiwa amepiga magoti. Kina mama wa kanisa la Kibarani walikuwa katika maombi yao ya Alhamisi, naye ndiye aliyekuwa akiomba, macho ameyafumba, aliposikia gari likizimwa nje. Alilijua kwa mlio wake. Lilikuwa gari la watalii la Kioko, rafiki wa kaka yake Kalama, na Kioko hakuwa mtu wa kuja Kilifi katikati ya wiki bila wageni garini. Dorcas akaifupisha sala. "Amina" ilipoitikiwa, alibaki pale pale chini.

Kioko alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Dorcas."

"Sema tu, Kioko. Hawa wote ni wenzangu."

"Kalama ametutoka. Leo asubuhi, kule Gede. Nimemkuta kitandani. Ni kile kifua chake."

Mtu akamletea maji. Kioko aliipokea gilasi akaishika tu. "Kuna jambo lingine," alisema, kisha akatazama sakafu na asiendelee. Dorcas alidhani ni majonzi, akamshika mkono, wakatoka.

Kalama wa Kambi alikuwa mtembeza wageni kwenye magofu ya Gede. Alianza ujanani kwa kufyeka majani kati ya kuta, akawa anasikiliza waliojua, hata siku moja akaulizwa swali na mgeni, akalijibu vizuri, na tangu hapo panga akaliweka chini. Alikuwa mrefu, shati jeupe daima limepigwa pasi, miguuni akala za matairi. Akiingia na watu kwenye lile jumba la kifalme aliwaomba washushe sauti. "Wenyewe wametoka kidogo," alikuwa akisema, "lakini nyumba bado ni yao." Siku nyingine alipanda gari la Kioko, wakawapeleka wageni kwenye mnara wa Vasco da Gama kule Malindi, au Mnarani, kwenye ule msikiti wa kale ulio juu ya mkono wa bahari.

Kabla ya kuagana na mgeni alimwuliza swali lile lile: "Na kwenu mmehifadhi nini cha kale?" Wakamweleza, na wengine walipofika makwao wakamtumia kadi za picha. Ukuta wa chumba chake ulijaa: mapiramidi ya Misri, kiwanja cha duara cha Warumi, ukuta wa Wachina ukipanda milima, kaburi jeupe la yule malkia wa Bara Hindi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita Mombasa, alikokwenda mara moja na vijana wa kanisa kuiona Ngome ya Yesu.

"Mimi Misri nitafika," alikuwa akimwambia dada yake.

"Fika kwanza Mariakani ukaone ng'ombe wa maziwa, ndipo uende Misri."

"Ng'ombe nimewaona, Dorcas. Nawataka wale wafalme."

Walikuwa watoto watatu wa Mzee Kambi, na nyumbani kwao ni Vitengeni. Mramba ndiye mkubwa, kisha Kalama, kisha Dorcas. Baba yao alikufa Dorcas akiwa bado mdogo. Kwa kuwa alikuwa mwana Gohu, yaani alikuwa katika kile chama cha wazee wenye heshima zao, alichongewa kigango: gogo kubwa lipitalo kimo cha mtu, kichwa duara, kifua kimejaa nakshi za pembetatu zilizopakwa nyeupe na nyekundu. Kilisimikwa nyuma ya boma pamoja na vya wazee waliomtangulia. Mwaka mmoja moto wa kusafishia shamba ulivuka mpaka, ukakiunguza bega la kulia, na Dorcas alikumbuka jinsi mama yao alivyolia, kana kwamba ni mumewe aliyeungua.

Kigango hakiondolewi. Boma likihama, chenyewe hubaki. Kikilala chini, huachwa kioze hapo hapo. Kwa wazee si mfano wa marehemu. Ni marehemu. Mramba alikuwa ndiye wa kukimwagia tembo la mnazi na kumwita baba kwa jina. Dorcas, aliyesomeshwa na kanisa akabatizwa, hakumwaga tembo. Akifika nyumbani alipita pale polepole, akamshukuru Mungu kwa ajili ya baba yake, akaendelea na safari yake. Kalama mara moja moja alileta wageni, baada ya kumwomba ruhusa kaka yake, na aliwasimamisha mbali, kofia wamezivua.

Mwaka wa 1984, ule wa njaa, watu wakila mahindi ya manjano ya msaada, kigango cha Mzee Kambi kilitoweka. Palibaki shimo na vipande vya kitambaa chekundu kilichokuwa kimefungwa kiunoni mwake. Mramba aliita ukoo mzima. Akasimama mbele ya watu akalia, na kuuliza ni nani katika boma hili anayejuana na wazungu. Hakulitaja jina, na hapakuwa na haja. Kalama aliapa kwa Biblia ya dada yake. Wazee wakasema Biblia si kiapo cha jambo kama lile. Tangu siku hiyo hakukatazwa kuja kwao, ila akija hakuna aliyempisha kwenye kigoda, na watoto wa Mramba waliitwa ndani.

Dorcas pekee hakumwacha. Kila Krismasi alikwenda naye Vitengeni makusudi, wakaingia pamoja kwenye nyumba ya Mramba, ambayo mwaka ule ule wa njaa ilikuwa imeezekwa bati. Ni fedha za korosho, Mramba alisema. Wakala chini ya bati hilo, Dorcas akamwamkia kaka mkubwa shikamoo kama ilivyompasa, akawaombea wote.

Miaka miwili baadaye mama mmoja mgeni, akizunguka magofu na Kalama, aliulizwa lile swali la kila siku. Alijibu kwamba mjini kwao kuna jumba la mambo ya kale, na katika ukumbi mmoja wamesimamisha magogo marefu yenye vichwa vya duara, yametoka pwani hii hii, yanamulikwa kwa taa. Moja, alisema, limeungua begani.

Siku hiyo Kalama alizibandua kadi zote ukutani. Dorcas alipomtembelea alikuta ukuta mtupu, akamtania: "Wafalme wa Misri wamekukosea nini?"

"Nimepata pengine pa kwenda," alisema Kalama. "Watu wanapanga foleni kumwona baba, Dorcas. Mimi mwanawe sijui hata njia."

Hakufika. Kifua kilianza mwaka uliofuata, na mvua za masika zilipoingia kikammaliza.

Jeneza lilifika Vitengeni Jumamosi asubuhi. Hanga, yaani matanga ya Kigiriama, ilikuwa imeshaanza, na kina mama walikuwa jikoni wakichambua mchele. Dorcas alisikia majembe, akatega sikio. Sauti haikutoka nyuma ya boma, penye vigango vya wazee. Ilitoka upande wa ua wa minyaa, kwenye mpaka, mahali walipozikwa wapita njia.

Alimkuta Mramba chini ya upenu.

"Kaka, shikamoo. Mbona wanachimba kule?"

"Marahaba. Wanachimba nilipowaonyesha."

"Kalama ana mahali pake kando ya baba."

"Baba yuko wapi?" Mramba alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nionyeshe baba, nimlaze Kalama kando yake. Aliyeuza hawezi kulala na aliyeuzwa."

Wanaume wakainamisha vichwa. Dorcas akarudi nyuma ya jiko asionekane akilia, na huko ndiko Kioko alikomfuata. Alikuwa hajala wala hajaketi tangu alipolileta jeneza.

"Kule kwenye minyaa ni kaburi la Kalama?"

"Ndilo."

Kioko alichuchumaa. "Dada, nilitaka kukuambia siku ile kanisani. Ni mimi niliyekibeba kile kigango, kwa gari langu, mpaka kwa mwenye duka la vinyago mjini Malindi. Aliyeniita ni Mramba. Kalama alikuwa Gede na wageni. Mramba akaniambia boma linahama, kwamba wazee wamekubali. Mimi mtu wa Machakos, nitajua nini? Yeye alishika kichwani, mimi nikashika chini."

Wanawake jikoni walikuwa wakicheka jambo fulani, chinichini.

"Kalama alijua?"

"Nilimwambia mwenyewe, nilipoona anavyotengwa. Akanikataza nisiseme. Akasema likijulikana, Mramba atafukuzwa hapa na watoto wake, na boma litakufa."

"Nawe ukakubali. Umekula sahani moja na Kalama miaka yote hii."

"Nimekula, dada."

Hapo Dorcas hakujua ni nani aliyemwumiza zaidi. Mramba alimwuza baba, akamvika ndugu yake dhambi hiyo. Kioko alilibeba gogo, kisha akabeba kimya. Na Kalama, aliyempenda kuliko wote, alimwacha yeye dada yake aketi chini ya lile bati Krismasi baada ya Krismasi, akishukuru kwa chakula.

Alimwomba Mungu ampe maneno machache. Kisha akaenda kumwita Mramba, wakasimama wawili tu kwenye lile shimo la kigango, ambalo hakuna aliyewahi kulifukia.

"Kioko ameniambia."

"Kioko ni mtu wa kuja."

"Ni wa kuja. Nawe ndiwe uliyemkaribisha. Ulishika kichwani."

Mramba alitazama vigango vya wazee vilivyobaki. "Wewe mtu wa kanisa unanilaumu? Si ulisema huu ni mti tu?"

"Nilisema siuabudu. Kwangu ulikuwa mti wa kumkumbukia baba. Kwako wewe alikuwa baba. Ulimmwagia tembo, ukamwita jina, kisha ukambeba ukamwuza."

Mramba aliketi ukingoni mwa shimo. "Ilikuwa njaa, Dorcas."

"Bati haliliwi, kaka."

Kisha Mramba akamwuliza anataka nini.

"Nataka Kalama alale hapa. Uchimbe wewe. Na uwaambie watu kwamba si yeye."

"Nikisema si yeye, watauliza ni nani."

"Hilo ni lako."

Mramba alikwenda mwenyewe kwenye minyaa. Aliwaambia wachimbaji wafukie lile, kisha akarudi uani akasema mbele ya wote, bila kumtazama mtu, "Si Kalama aliyekitoa." Hakuna aliyeuliza. Shangazi yao Nyevu aliinua macho akaliangalia bati la nyumba, akayashusha, akaendelea kuchambua mchele. Mramba akachukua jembe, akapiga la kwanza kando ya shimo la kigango cha baba yao, akachimba mpaka shati likashikana na mgongo. Vijana walipotaka kumpokea alikataa, ila mwishoni akashindwa, wakamalizia wao.

Kalama alizikwa alasiri. Mchungaji alisoma Zaburi ya tisini, waumini wakaimba, na jeneza likashushwa kwa kamba. Mramba alitupa udongo wa kwanza, Dorcas akafuata. Kioko alitupa wake mwisho kabisa, akarudi kusimama karibu na gari. Kichwani pa kaburi waliweka msalaba wa mwarobaini wenye jina lake. Lile shimo la kigango likabaki wazi kando yake. Chakula kilipoandaliwa kwenye nyumba ya bati, Dorcas alipokea sahani yake mlangoni, akaenda kuila uani pamoja na Shangazi Nyevu, na jua lilipopungua walichota maji wakalimwagilia kaburi, udongo ukashikana.