Kodi ya Riba na Kaburi la Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu aliniuliza swali la neno moja nikakosa pa kuweka macho.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Uriri, bado kijana, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kwa sababu kwetu nilikuwa wa kwanza kufika chuo. Mama aliishi Rangwe, akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na hakujua kusoma hata jina lake. Barabara ilipopanuliwa ilichukua shamba letu pamoja na mahali alipozikwa baba. Fidia ilichelewa miaka mingi, kwa hiyo walipolipa waliongeza riba ya kule kuchelewa, na kwenye riba hiyo wakakata kodi. Fidia ilinunua kiwanja na nyumba ya mabati. Baba tulimhamisha, tukamlaza upya kulia kwa mlango wa mama, kama ipasavyo kwetu, lakini saruji ya kufunika kaburi ikatushinda. Udongo ukaanza kutitia. Kila asubuhi mama alienda kuutazama kabla hajanawa uso.

Ndipo akaniletea barua ya malipo. "Hapa wamekata nini?"

"Kodi, mama. Serikali ikishakata imekata."

"Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Niliogopa kuchekwa, mwalimu mzima kwenda kubembeleza ofisini. Nikamjibu kwa ukali, na hadi leo najionea aibu, kwamba mambo hayo asingeyaelewa.

Hakukasirika. "Nyara," akasema, maana yake binti yangu, "mteja akirudi kuniambia gorogoro yangu, kopo la kupimia, haikujaa, simwoni ombaomba. Nampimia tena." Jumatatu akavaa gauni lake la Sabato, tukaenda Homa Bay mjini.

Kwenye ofisi ya kodi tulimkuta kijana mpole. Akauliza mama anapata kiasi gani kwa mwaka, mama akamweleza biashara yake yote mpaka siku ambazo samaki hawapatikani. Kijana akatabasamu. "Mama, mapato yako hayafiki kiwango cha kutozwa kodi, hata tukiongeza hiyo riba. Tutajaza fomu ya mwaka na kuomba hela irudi. Nipe cheti cha kodi iliyokatwa."

Cheti hicho nilikitupa siku kilipofika, nikiona ni karatasi tu.

Mama akafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Cheti kilikuwa humo, kimelala katikati ya kurasa, kimenyooka kabisa. Alikiokota kwenye takataka zangu aliponitembelea Uriri, kwa sababu kilikuwa na mhuri. Nilimtazama mama yangu kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

Tulingoja miezi. Mvua ilinyesha, tukafunika kaburi kwa turubai. Kisha siku moja sokoni simu yake ikalia, akanipa nimsomee ujumbe, halafu akaniomba nirudie. Hela ilikuwa imerudi. Mwanangu, nilishikwa na kicho. Serikali kubwa hivyo ilikuwa imemtambua muuza omena mmoja wa Rangwe na kukiri kwamba hela ile ni yake. Na aliyejua hayo yanawezekana hakuwa mimi mwenye cheti cha ualimu. Wiki hiyo hiyo mafundi wakamwaga saruji, na mama akalala mpaka jua likachomoza.

Sasa naye amelala pale, kushoto kwa mlango. Tulipomzika nilifungua kile kitabu nikakuta karatasi zangu nilizotupa tangu shuleni, hata mtihani nilioufeli na kuurarua, vipande vyake vimeshonwa kwa uzi. Nililia sana.

Kwa hiyo nakuambia hivi: karatasi ya malipo isome mpaka chini, itunze, na usichokijua nenda kaulize bila haya. Anayedai chake haombi. Wala usimwambie mama yako kwamba hataelewa. Mungu akupe ujasiri wa kuuliza, na akupe mtu wa kukuokotea unachokitupa.