Siku Sombe Ilifungwa Mukanda na Mujukuu Wangu Hapana

Kuna saluni moja ya nywele pale Matonge, karibu na métro Porte de Namur, ambayo mpaka leo siwezi kupita mbele yake. Navuka barabara, napita ngambo ingine, hata kama mvua inanyesha, hata kama ile ngambo ingine wanachimba (na Bruxelles hii, ni wapi hawachimbi?), juu wale wamama wa mule ndani wakiniona tu wanaacha kichwa ya muntu nusu imesukwa, wanatoka ku mulango na kuniita mbele ya dunia yote: "Maman Sombe! Leo umefunga nani?" Mimi, mwanamuke ya miaka makumi tano na mbili, mimi nilitoka mu vita na roho yangu na mutoto yangu. Haya ninayo kweli, siifichi. Lakini kila muntu ameeleza hii habari isipokuwa mimi niliyekuwa ndani ya gari, basi leo naieleza mwenyewe, na majina nitayataja, na mwenye kukasirika akasirike.

Binti yangu Neema anafanya kazi mu nyumba moja ya kutunza wazee. Ana mutoto moja, Baraka, miaka mitatu. Mimi naishi peke yangu Etterbeek, ghorofa ya nne, asubuhi nasafishaga maofisi, kiisha kazi narudi kuangalia ukuta. Tangu Baraka azaliwe niliomba Neema kitu moja tu, anipatie mutoto siku ya samedi, ile Jumamosi, nimutembeze, nimulishe, ajue Kiswahili ya kwetu. Neema alikuwa anakubali nusu. "Maman, kwa miguu sawa. Métro sawa. Mu magari ya rafiki zako, hapana." Kisa nini? Kisa siku moja aliona Papa Deo amepakia watoto watano nyuma ya gari kama viazi. (Papa Deo ni shemeji yangu. Njo jina ya kwanza, muiweke pembeni.)

Bon. Ikafika dot ya binti ya Maman Régine, sherehe ya mahari, mu ukumbi moja kule Ganshoren. Maman Régine ni mukubwa wa korali yetu, na hiyo ni jina ya pili. Alinipa kazi ya sombe, ile majani ya muhogo ya kutwanga, juu hakuna muntu ku Bruxelles anapika sombe kama mimi, hata adui zangu wanasema. Nikaomba Neema anipatie Baraka twende naye. Akafikiri sana, kiisha akasema: "Sawa, Maman. Hii ni majaribio. Ikienda muzuri, kila samedi Baraka ni wako."

Kila samedi! Nilipika ile sombe nikiimba.

Siku yenyewe Neema akaja mapema, mbele ya kazi, na siège ya mutoto, ile kiti yao ya mikanda mitano, akaifunga mwenyewe mu gari ya Papa Deo, akaitikisa mpaka gari yote ikatikisika. Kiisha akanifundisha, mimi, mama yake: toa manteau, koti ya baridi ya mutoto, kwanza, manteau manene inadanganya, mukanda unaona umekaza kumbe umekaza nguo, mikanda isijipinde, vuta mpaka kidole moja tu inapita ku kifua, sukuma pale kati, usikie inalia tac. Nikafanya mbele yake mara mbili. Lakini mudomo wangu haukunyamaza. "Neema, wewe nilikubeba mugongoni, kitenge moja, nikakupitisha mu pori na watu wanatukimbiza nyuma, na haukuanguka hata siku moja. Leo unanifundisha kufunga mutoto?" Alibusu mutoto, akaenda kazini.

Ile maneno ya kitenge muikumbuke.

Toka Etterbeek tulienda muzuri. Baraka mu kiti yake, tac, anaimba. Mimi katikati, na ku mukono wa kushoto kartoni za glasi za Maman Régine, ambazo zilijaza mpaka dirisha. Coffre, ile buti ya nyuma, imejaa sahani zake, viti vyake, maua yake ya plastiki. Na sufuria ya sombe, ile kubwa yangu ya matanga na ndoa, ilikaa chini mbele, pahali pa miguu ya muntu, juu kiti ya mbele ilikuwa haina muntu. Papa Deo alikuwa ameosha gari siku hiyo, na tangu tuondoke alikuwa anaangalia sufuria kuliko barabara. "Maman Neema, hiyo mafuta ya ngazi, mawese yako yote, ikimwangika mu gari yangu, utalala nayo humu."

Tukafika ku saluni kuchukua Maman Régine. Akatoka. Sijui nieleze namna gani kile kitambaa alichofunga ku kichwa; kiliingia mu gari mbele yake. Akaketi mbele, akaona sufuria pa miguu yake, akapiga kelele kama ameona nyoka.

"Eh! Mimi mama ya bibi-harusi, nifike na miguu inanuka sombe? Ondoeni hii!"

"Tunaiweka wapi, Maman Régine?" nikauliza. "Coffre imejaa vitu yako. Huku nyuma kumejaa glasi yako."

"Na ile kiti?" Akaonyesha Baraka na kidole. "Si iko na mikanda? Sufuria itakaa mule muzuri sana. Mutoto, muweke ku mapaja. Ni dakika makumi mbili tu. Kwani sisi tulikulia mu nini, mu siège?"

"Neema alisema..."

"Neema, Neema! Batoto ba huku ndio banatufundisha kuishi sasa?"

Na Papa Deo, ambaye angeweza kusema hapana, juu gari ni yake na usukani ni yake, akasema nini? "Ni kweli, mule haitamwangika." Voilà. Mafuta yake ya ngazi ilikuwa salama, basi yeye alikuwa na amani.

Sasa mimi. (Naijua, jina ya tatu ni yangu, ninafika.) Ningeweza kushuka. Métro ilikuwa pale pale, hatua chache. Lakini wale wamama wa saluni walikuwa ku mulango wanaangalia, na Maman Régine amenifanya mbele yao mwanamuke anayetawaliwa na binti yake, na mikono yangu hii, niliiangalia, nikakumbuka kitenge na pori, nikasema mu roho: mikono iliyoshinda vita itashindwa na barabara ya Ganshoren? Nikafungua Baraka. Akalia, "Koko, hapana, ni kiti yangu" (koko njo nyanya, vile wajukuu wanatuitaga), nikamudanganya: "Sombe ni mugonjwa, mwachie ikae kidogo." Nikamuvalisha manteau yake tena, nikamuweka ku mapaja. Kiisha nikaingiza sufuria mu siège, na mutaamini ama hamutaamini, iliingia kama ilizaliwa mule. Mikanda mitano. Nikanyoosha, nikavuta, kidole moja ikapita. Tac. Na mimi mwenyewe sikufunga yangu, juu ilikuwa inakunja mikono ya libaya yangu mupya, blauzi ya sherehe.

Gari ikaondoka. Hatukufika hata ku feu rouge, taa ya barabarani ya kwanza. Trottinette moja, ile skuta ya umeme ya kusimama juu, kijana na simu ku sikio, akatoka mu barabara ndogo upande hauruhusiwi, pfuu, mbele yetu. Papa Deo akakanyaga breki.

Hatukuwa tunaenda mbio. Muulize muntu yeyote, tulikuwa tunaenda kama gari ya maiti. Na mikono yangu nilikuwa nimeifunga ku tumbo ya Baraka, nguvu zote, natafuta mpaka leo pahali ilifungukia na siioni. Sikumwachilia. Alitoka tu. Manteau ilibaki mukononi, nusu, na mutoto akapita, akagonga mudomo ku kiti ya Maman Régine, akaanguka chini kati ya miguu yangu, na mimi nikamufuata na pua. Glasi zikalia zote. Kiisha Baraka akalia, na mimi nikamushukuru Mungu juu ya kile kilio, maana muntu anayelia anapumua.

Sombe? Haikutoka hata tone moja. Mufuniko haukusogea.

Polisi wawili walikuwa wanatembea pale ku kona, mwanaume na mwanamuke kijana. Huyu mwanamuke akafungua mulango wa nyuma, akapiga goti, akaangalia mutoto kwanza: macho, shingo, mudomo. Damu ilikuwa inatoka ku mudomo wa chini. Akampatia kitambaa, akamuuliza jina pole pole. Kiisha akainua kichwa, akaona sufuria yangu imekaa mu siège, mikanda imenyooka ku mabega. Akaingiza kidole chini ya mukanda.

"Madame, nani alifunga hii?"

Nikasema pole pole: "Ni mimi."

"Umefunga muzuri sana," akasema. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Na Papa Deo, mwanaume muzima mwenye mvi, akageuka na kusema bila haya: "Chef, mutoto alikuwa amefungwa, alijitoa mwenyewe saa hii hii." Baraka, na damu ku mudomo, akamusahihisha kwa Kifaransa safi ya crèche yao ya watoto: "Hapana! Ni pahali ya sombe. Sombe ni mugonjwa."

Pale njo watu walicheka. Maana sasa saluni yote ilikuwa imefika, na majirani wa saluni, na mwenye kuuza samaki, na simu zote juu. "Batu ba Kongo!" moja akasema. "Sufuria iko mu siège, mutoto iko mu mapaja!" Na mwingine: "Muiache, labda njo mutoto wa kwanza!" Mimi nimekaa kati ya glasi, pua imevimba, libaya imejaa damu ya mujukuu wangu.

Polisi akaeleza, sauti ya chini, kama muntu amechoka kueleza: mutoto wa urefu chini ya mètre moja na sentimètre makumi tatu na tano anakaa mu kiti yake, hata safari ni ya dakika moja, na mikono ya muntu haishiki, hata ya mama, hata ya mwanaume wa nguvu. Akasema gari haitoki pale mpaka mutoto akae mu kiti yake. Basi nikatoa sufuria mbele ya watu wote, nikaiweka ku trottoir, kando ya barabara. Kabla nimuinue Baraka, simu yangu ikalia.

Dada moja wa ile saluni njo anasukaga Neema. Vidéo ilifika kwake mbele mimi nimupigie simu.

"Damu inatoka wapi?" Hakuuliza kingine. Nikasema ku mudomo. "Jino?" Nikasema jino liko. "Usimuingize tena mu hiyo gari. Nakuja."

Alikuja na métro, na nguo ya kazi, nyeupe. Watu wakamufungulia njia, na mara moja hakuna tena aliyecheka. Akaangalia mudomo wa mutoto na mwanga wa simu, akamugusa shingo, akasema asante kwa polisi. Kiisha akaingia nyuma, akafungua siège yake, akaitoa, imepata kidogo mafuta pale mbele wakati nilikuwa natoa sufuria.

Nikasema kile nilichokuwa nacho: "Neema, nilimushika. Mikono yangu hii njo ilikutoa wewe mu pori."

"Maman, mu pori ulikuwa unatembea kwa miguu."

Akabeba mutoto mukono huu, siège mukono huu. Akageuka.

"Na ungekuwa hujui kufunga, ningekusamehe hapa hapa. Lakini unajua. Nimeona vile ulifunga sufuria."

Akashuka ku métro. Na Maman Régine, wakati moyo wangu unashuka ile ngazi nyuma yao, akatoa kichwa ku dirisha na kitambaa chake: "Alors, sombe inaingia ama haiingii? Wageni wananingojea!"

Iliingia. Waliifunga ku pahali yangu, na mukanda ya wakubwa, juu mimi nilikataa kupanda, nikarudi Etterbeek kwa miguu na pua yangu. Na waliila yote. Niliambiwa walilamba. Sufuria ilirudi bila kuoshwa muzuri, na Maman Régine ameeleza korali yote kwamba mimi njo nilichelewesha dot ya mutoto yake. Papa Deo naye anasema amende, faini ya polisi, ilimufikia juu yangu. Juu yangu! Nani alikuwa ku usukani?

Lakini nilisema nitataja majina, na ya tatu ni yangu. Wale wawili walisema tu. Mukono uliofungua ile mikanda ni huu.

Samedi nyingi zilipita na mimi naangalia ukuta. Baadaye Neema aliniruhusu nimuone Baraka kwake, Ganshoren hiyo hiyo (tazama vile Mungu anachekaga), na siège ilikuwa mu koridori. Kila mara nilifika, nilimufunga mutoto mule, chini, bila gari, bila kuambiwa, Neema amesimama mu jikoni anajifanya haoni. Bila manteau. Mikanda imenyooka. Siku moja Baraka akaingiza kidole yake mwenyewe ku kifua, akaniangalia na ukali: "Koko, tac?" Nikasema: "Tac." Mule jikoni nikasikia Neema ameacha kuosha sahani.

Samedi iliyopita kulikuwa ubatizo, na Papa Deo akaja kutuchukua, na Neema alikuwa kazini. Alikuwa kazini, mumesikia? Alinipa mutoto na siège na hakunifundisha tena. Nikamufunga Baraka, nikajifunga mimi, libaya ikunjike inavyotaka. Papa Deo akasimama na sufuria yangu mu mikono, anaangalia viti vyake safi, sura ya kuhurumiwa.

"Sasa hii nayo, Maman Neema? Ikimwangika?"

"Imwangike," nikamwambia. "Sombe inapikwa tena."