Mlevi wa Basi la Kumi na Tisa

Waliniita mlevi. Hilo ndilo baya nililotendewa, na nalisema mwanzo kabisa ili mtu asije akacheka huko mbele akasahau kwamba kuna mtu amedhulumiwa. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Baba yangu alikunywa fungu lake akanywa na langu, na baba wa mtoto wangu akamalizia lililobaki, kisha akaaga kwamba anakwenda kununua betri za redio. Redio yenyewe nimeshaigawa.

Kazi yangu ni kusafisha mabasi ya abiria. Asubuhi yakishawafikisha watu makazini yanarudi yadi, yanakaa mpaka alasiri, na hapo katikati ndipo ninapoingia na ndoo yangu, ufagio na matambara. Nimeokota humo vitu ambavyo nikivisimulia naambiwa natia chumvi. Nimeokota meno ya bandia. Nimeokota kiatu kimoja cha bibi harusi. Siku moja nilimkuta jogoo mzima, kafungwa miguu, katulia kiti cha dirishani kama mtu aliyelipa nauli na hataki kusumbuliwa.

Kila basi lina kamera nne: mlangoni, katikati, nyuma, na juu ya kichwa cha dereva. Picha zote zinakwenda kwenye chumba kimoja cha ghorofani, ambako watu watatu wanakaa zamu mbele ya skrini zilizojaa ukuta. Sina ugomvi na kamera. Kuna mama aliwahi kuchomolewa pochi ndani ya basi, wale wa ghorofani wakamwona mwizi, wakampigia simu dereva, na mwizi alipofika kituo cha mbele akapokewa na askari kama mgeni rasmi. Kwa hilo nawavulia kitambaa. Na sheria yao ni nzuri: picha haitoki nje ya chumba mpaka iwe na sababu.

Mkubwa wa chumba hicho tunamwita Macho Manne, kwa ajili ya miwani yake. Ni mtu wa umri wangu, shati limenyooka, na anapenda watu wacheke akiwa yeye ndiye aliyewachekesha.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Dereva akishaegesha, huacha ufunguo umegeuzwa nusu ili mimi niweze kufungua na kufunga milango. Ufunguo ukikaa hivyo, injini imelala lakini kamera ziko macho. Nilikuwa nalijua hilo. Ila nilidhani wale wa ghorofani wana kazi ya kuangalia mabasi yaliyoko barabarani, si mwanamke na ndoo yake.

Wiki hiyo bintiangu alikuwa na mchumba, fundi umeme, na mama yake mchumba alikuwa aje kwangu Jumapili na jamaa zake tujuane. Huyo mama ni mkunga. Nilikuwa nimewahi kuonana naye mara moja tu, getini kwake. Ni mwanamke wa heshima, ana mkoba mweusi asioutoa mkononi, na anaongea polepole mno. Akianza neno unaweza kwenda kuanika nguo ukarudi ukalikuta linamalizikia.

Bintiangu akaniambia, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Jumapili usiongee sana."

"Niongee kiasi gani?"

"Kama mgonjwa."

Nikaona heri nijizoeze kuwapokea. Nikachagua basi la kumi na tisa kwa kuwa ni pana. Mlango wa mbele, pale kwa dereva, nikaufanya mlango wa nyumba yangu. Viti vikawa wakwe. Kiti cha kwanza kikawa mkunga. Nikakiwekea ndoo mapajani iwe mkoba. Kiti kilichochanika, sponji limechungulia nje, kikawa shangazi wa bwana harusi, ambaye nilikuwa nimesikia kwamba nguo zake zote zinambana. Nikawakaribisha. Nikainama, nikapeana mikono na migongo ya viti. Nikachukua chupa ya sabuni ya maji nikaifanya birika, kifuniko chake nikakifanya kikombe, nikamimina hewa, nikamnywesha mkwe, nikanywa na mimi. Tukanywa sana. Kila kiti kilipata.

Halafu nikaanza kuwajibia. Nikaongea kama mkunga, nikajijibu kama mimi, nikaongea kama shangazi, na mambo yakanoga kuliko nilivyotarajia. Nilicheka mpaka nikajishikilia kwenye nguzo. Nikakaa kidogo nikafuta macho na tambara. Nikainuka nikacheza na ufagio kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma, nikarudi kinyumenyume. Kisha nikadeki basi vizuri, nikashuka, na moyo wangu mweupe.

Asubuhi yake nilipofika yadi niliwakuta madereva na makondakta wamejikusanya uwanjani, pale wanapopangiwa njia kabla ya kutoka, na katikati yao Macho Manne kainua simu juu. Alikuwa ameirekodi skrini yake. Mimi nikadhani ni mpira, nikasogea na mimi nione nani kafunga.

Niliyemwona ni mimi. Bila sauti hata chembe. Mwanamke anainamia viti, anapiga mafunda kutoka kwenye chupa, anamkaripia mtu asiyekuwepo, anavunjika mbavu, analia, anacheza na ufagio.

"Tazama hapo," Macho Manne anawaambia, "hapo ndipo ilipompanda kichwani."

Wakaangua kicheko. Mmoja akaniona. Wengine wakaona kwamba ameona. Macho Manne akatia simu mfukoni na kutazama saa.

Msimamizi akaniita ofisini. "Mama, nyumbani kuna shida?"

"Ipo. Paa linavuja."

"Nauliza shida nyingine. Ile chupa ilikuwa na nini?"

"Sabuni."

Akaandika kidogo, akanyanyua macho. "Mama, unakunywa sabuni?"

Nilipoeleza kwamba nilikuwa nawanywesha chai wakwe, niliona uso wake unazidi kunihurumia, nikajua kila neno ninaloongeza linachimba shimo. Akaniambia nipumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Hilo ningelimeza. Lakini video ilikuwa imeshatembea simu hadi simu, na jioni bintiangu akaingia ndani, uso umemshuka. Mkunga ameipata. Amemtumia bintiangu na swali moja tu: "Huyu si mama yako?" Na baada ya hapo akampigia na kusema, polepole, kwamba amemzika kaka yake kwa ajili ya chupa, na hawezi kumpeleka mwanawe kwenye nyumba yenye chupa. Jumapili asisubiriwe, mpaka ajue ukweli.

"Mwambie ilikuwa sabuni," nikasema.

"Nimemwambia. Ameuliza kama unakunywa sabuni."

Usiku huo bintiangu hakula. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Anashona nguo za watu, na gauni lake mwenyewe lilikuwa limening'inia ukutani nusu, mkono mmoja upo, mwingine bado.

Aliyetuokoa ni dereva wa lile basi, mzee tunayemwita Kinanda, kwa kuwa anaimba tangu anawasha gari mpaka anazima. Alikuja kesho yake kunijulia hali, akakaa kwenye kibaraza akinitazama kwa upole kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikamweleza. Akapiga goti lake.

"Dada, mbona sauti ipo? Kamera ya juu ya kichwa changu inanasa sauti. Iliwekwa ili tusiwatukane abiria."

"Sasa mbona hawakusikia?"

Akaona haya kidogo. "Wamezima spika ya basi langu. Walisema nyimbo zangu zinawaumiza kichwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima watatu wamekaa mbele ya ukuta wa skrini, na ushahidi wote umo, ila wameuziba mdomo kwa sababu mzee wa watu anaimba. Na kwa kuwa nyumba yangu ya kuigiza mlango wake ulikuwa pale pale kwa dereva, kila nilichosema kilikuwa kimenaswa.

Nilirukaruka kwa furaha. Nilimkumbatia Kinanda. Nilimwita bintiangu aache cherehani. Halafu nikakumbuka nilichosema, nikakaa chini.

"Mama," bintiangu akasema, "ulisema nini humo?"

"Niliongea kiasi."

"Mama."

"Niliongea kama mkwe wako."

Akafunika uso na kitambaa alichokuwa anashona. Tukatazama upande mmoja na mwingine wa jambo hilo, na kote kulikuwa kubaya. Bila sauti mimi ni mlevi. Ikiwa na sauti, mimi ni mwenye mdomo mchafu. Mwishowe nikamwambia bintiangu ampigie mkunga amwombe aje yadi. Kama atanikataa, basi anikatae kwa yale niliyoyatoa kinywani, si kwa yale ambayo sikuyatia.

Msimamizi akakubali ile sauti ifunguliwe. Tukapanda ghorofani: msimamizi, Kinanda, bintiangu, mimi, na mkunga na mkoba wake. Macho Manne akafuta vumbi spika. Kwanza ikatoka sauti ya Kinanda akiegesha basi na kuimba, na kweli, niliwaelewa waliozima. Kisha nikaingia mimi.

"Karibuni, karibuni. Viatu msivue, sakafu yangu ndiyo itawachafulia soksi."

Msimamizi akakohoa. Chupa ikaonekana kwenye skrini. "Kunywa chai, mkwe. Sukari jitilie mwenyewe, mkono wangu mzito." Msimamizi akamgeukia Macho Manne, na Macho Manne akaangalia swichi.

Halafu ikaja. Sauti yangu, lakini imevutwa kama mpira: "Mwa-na-ngu... mimi... ni mtoto... mtu-li-vu." Na mimi najibu: "Mtulivu haswa, mkwe, kama nguzo anazopanda. Na wewe shangazi, keti vizuri, unamwagika nje ya gauni."

Bintiangu alikuwa anahesabu mbao za dari. Spika ikaendelea, sasa mimi ni mimi tu, nimekaa, lile tambara machoni, pale walipocheka kuliko pote uwanjani: "Mkwe, tukishamaliza utani nina ombi. Mwanao asimzoeze mwanangu kusubiri mtu dirishani. Mimi nimesubiri, nakijua kiti hicho. Basi, ni hilo tu. Twende tucheze."

Mkunga akashusha pumzi, akaweka mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Mimi..." akasema, "si-o-ngei... hivyo."

Alichukua muda ule ule. Alisikia mwenyewe. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikajua nimekwisha, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Kilipotoka kilitoka chote. Mkoba ukamporomoka magotini, mikasi na vitambaa vikatawanyika sakafuni, na yeye hakuokota kitu. Kinanda akacheka, msimamizi akacheka akiwa amegeukia ukuta, bintiangu akacheka huku analia, na mimi nikawa siwezi kusimama tena, kwenye ofisi ya watu, bila tone la kitu.

Mkunga akapangusa macho akamwambia Macho Manne, "Rudisha pale kwa wifi yangu." Akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu alikuwa anamwigiza wifi yake mwenyewe, na kwa kweli alimweza kuliko mimi.

Alipoinuka akaniambia, "Jumapili tunakuja. Viatu sivui."

Walikuja. Niliongea sana. Gauni lilipata mkono wa pili, wakaoana, na mpaka leo fundi wangu akichelewa kazini anapiga simu kabla giza halijaingia. Mimi nilirudishwa kazini siku ile ile tuliyosikiliza spika, na msimamizi alinipa mkono mbele ya watu, kwa hiyo kwake sina neno.

Macho Manne alinikuta kwenye ngazi, peke yangu, akapunguza sauti. "Dada, tusamehane bwana. Ulikuwa utani tu."

Utani aliufanya uwanjani, asubuhi, kwa madereva na makondakta wote, simu kaiinua juu. Samahani akaileta kwenye ngazi, kwa kunong'ona. Video isiyo na sauti aliisambaza mji mzima. Yenye sauti hajamtumia hata mtu mmoja, na wapo makondakta ambao hadi leo wakiniona nimeshika chupa ya sabuni wanaulizana kama nimeshaanza. Sitaki aadhibiwe. Ninachomdai Macho Manne ni asimame pale pale uwanjani, asubuhi watu wakiwa wamejaa, aseme kwa kinywa chake kwamba yule mama hakuwa amelewa na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Hajasema. Kila asubuhi nafagia uwanja ule taratibu, nikimpa nafasi, na kila asubuhi anapita akifuta miwani yake.