Baa ya Chumba cha Kuchemshia Sabuni

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga sabuni kwenye karatasi, mche baada ya mche, hata watu wakamwita Mama Miche. Kiwanda cha sabuni kilipofungwa alianza kuuza vinywaji dirishani kwake, lakini kila alipopita kwenye lile jengo lake kuukuu la matofali mekundu alikuwa akinung'unika: jengo zima hili, wameachiwa popo!

Siku alipokodi chumba cha kuchemshia sabuni ili akifanye baa, akaja na ufunguo, mama mkwe wake alimtazama kama aliyerukwa na akili.

"Mle mimi nilichemsha mafuta mpaka nyusi zikaungua. Leo unataka watu wakanywe pombe? Mguu wangu haukanyagi."

"Haya, mama." Kubishana na bibi yule ni kutwanga maji kwenye kinu.

Miezi mitano yeye na shemeji yake, mchomelea vyuma, walikwangua, wakaziba, wakapaka chokaa. Pipa la kuchemshia lilikuwa kubwa kuliko mlango, wakalizungushia mbao likawa kaunta. "Hili limekataa talaka," shemeji alisema. "Liache likae."

Jumamosi ya kufungua, alasiri, watu walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Bilauri ya kwanza ya bia, povu lilipanda vidole viwili, likafa. Ya pili vilevile. Fundi cherehani, mtu wa mdomo usio na kifuniko, akainua yake juu.

"Jamani, hii bia au chai iliyopoa? Mama Miche, umetutilia maji!"

Kicheko kikatambaa meza hadi meza. Shemeji akafungua pipa jingine la bia, wapi! Mama Miche alisimama masikio yakimwaka, hajui aangalie wapi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia, amevaa gauni lake la kuendea harusini. Alikuwa anapita tu, alisema, ingawa nyumba yake iko upande wa pili wa mji. Akachukua bilauri, akapitisha kidole ndani, akanusa.

"Mafuta haya. Ukuta huu umenywa mafuta miaka sitini. Ukipata joto la watu unatema. Na wewe bilauri umezipanga ukutani! Povu na mafuta wapi na wapi? Leteni maji ya moto na magadi."

"Mama, utaharibu gauni."

"Gauni nitalifua. Aibu yako nitaifua na nini?"

Wakasimama bega kwa bega kwenye beseni, mmoja akisugua, mwingine akisuuza. Wanawake waliokuwa wakifunga sabuni na Mama Miche zamani wakaacha viti vyao, wakaja kukausha. Bilauri ya kwanza safi bibi akampelekea fundi cherehani mwenyewe. Povu likasimama, jeupe, halitikisiki.

"Haya, sema tena."

Fundi akanywa, akanyamaza. Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana hilo halikuwahi kuonekana.

Siku hizi rafu za bilauri ziko katikati ya chumba, mbali na kuta. Bibi bado hajaonja bia na bado anaiita upuuzi, lakini kila Jumamosi anafika kabla ya wafanyakazi, anakaa karibu na beseni na kukagua bilauri moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Juzi Mama Miche, akiwa stoo, alimsikia akimwambia mgeni, "Hii baa ya binti yangu. Kunywa, ila usinywe kama chura." Mama Miche akachelewa makusudi kutoka, akijifuta macho kwa aproni.