Utamu wa Rejeta

Kilichonitoa Kigoma ni simu ya dada yangu Esta, aliyeolewa Kalemie na sasa ni mjane. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilikuwa nimemtengenezea bomba la stenlesi la kupozea mvuke wa lutuku, pombe kali anayoipika kwa mahindi na mihogo. Sasa akasema, "Kaka, kuya ukamate bomba yako. Bakiliya habaitake." Nilichukia! Kazi ya mikono yangu wateja waikatae?

Ziwani boti ya mizigo ilitutikisa, nikatapika, na hasira bado ninayo.

Bandarini Kalemie, Esta alinisalimu kwa mkono wa kushoto. Nikamtania, "Umeolewa Kongo, hata adabu umesahau?" Hakucheka. Kiganja cha mkono wa kulia kilining'inia kwenye kifundo, hakinyanyuki.

"Banasema ni shemeji," alinong'ona. "Njo yule mwenye alimuroga Papa Yohana."

Yohana ni marehemu mumewe. Tumbo lilimkata mpaka akafa, na ukoo ukamfukuza kaka yake Yohana, huyo shemeji, hadi Nyunzu.

Uani kwa Esta nilishika kichwa. Bomba langu limeanikiwa nguo! Mvuke unapita kwenye rejeta kuukuu ya lori, ile ya tangu enzi za Yohana, imezamishwa kwenye pipa la maji. Wateja wamekaa wanangoja, maana hapo mwenye kupika ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza mbele yao, waone hakuna sumu. Yohana ndiye aliyekuwa akikinywa. Baada yake, Esta.

"Ya inoksi yako haina tamu, Papa," mteja mmoja aliniambia, akimaanisha stenlesi. "Ya rejeta iko na kasukari."

Sukari? Nani katia sukari? Nikaonja tone. Mungu wangu, tamu kweli! Nikatoa kisu, nikakwangua kiungo cha rejeta: kijivu, laini, kinakatika kama sabuni. Risasi, ile metali yenye sumu! Rejeta za zamani ziliungwa kwa risasi. Uchachu wa pombe unaitafuna, nayo ikiyeyuka huwa tamu, huku inakata tumbo na kuua mishipa ya mikono. Stenlesi haiachi kitu, ndiyo maana viwanda vya sukari na vya pombe havitaki chuma kingine.

Esta alikuwa ameshainua kikombe. Nilikipiga kikaruka. Wateja wakafoka, nami nikafoka zaidi yao, nikiwaonyesha kile kiungo mpaka wakanyamaza.

Esta alikaa chini, kwenye udongo uliolowa pombe. "Basi shemeji," akasema, "tulimuchomea nyumba juu ya nini?"

Nilimwinua, nikampeleka hospitali.

Hospitali walisema mkono huenda ukarudi polepole, mradi asiiguse tena ile pombe. Nikaing'oa rejeta, nikafunga bomba langu mahali pake.

Siku yangu ya kurudi, mimi ndiye niliyemsindikiza Esta, kwenye kituo cha treni ya Nyunzu, aende kwa shemeji. Kwapani alibana kipande cha rejeta kilichofungwa kwenye kitenge.

"Anaweza kukufungia mlango," nilimwambia.

"Afunge. Lakini kwanza aone."

Nimerudi Kigoma, watu wananiuliza habari za Kongo. Nawaambia hivi: siku hizi nikisikia mtu karogwa, nauliza kwanza alikuwa akinywa nini, na kilipitia kwenye nini.