Abiria Wawili wa Ziada

Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, huko Kentaki, Marekani, hutunga hadithi za watoto wawili, Tucker na Delaney, wanaorudi enzi za Biblia wakiwa ndani ya mashine ya kufulia. Akifikiri, hulamba kidole kana kwamba hewa ina kurasa. Kitabu chake kipya hakichapwi bila idhini ya shemasi, Ndugu Verlin, naye amegoma.

“Dada, safinani waliokoka watu wanane. Ukiongeza Tucker na Delaney wanakuwa kumi. Washushe!”

“Niwatose watoto kwenye gharika? Basi wapande kama wanyama.”

Verlin akafunua Mwanzo. “Wanyama safi saba saba, najisi wawili wawili. Hawa tuwaweke wapi?”

Mwalimu akabandua gundi iliyokaukia kwenye sweta lake.

“Ndugu yangu, mimi ndiye ninayefundisha watoto kila Jumapili. Andika najisi.”