Mwendesha Baiskeli Asiyeshuka

Kwanza niseme hivi: siku ile sikuwa nimekunywa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ilikuwa Krismasi, na najua utakachowaza. Sikuwa na homa, sikuwa nimekosa usingizi, na kulikuwa kumekucha kabisa, saa ambayo hata mtoto haogopi kwenda kisimani peke yake. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mama husema naweza kuuwazia ugali mpaka ukapoa, kisha nikaanza kuwazia kwa nini umepoa. Kama kungekuwa na maelezo mengine ya mambo niliyoyaona, amini, ningeyashika kwa mikono miwili. Nimeyatafuta. Sijayapata.

Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu mwaka ule, niko nyumbani nasubiri kupangiwa kazi. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Tunduma, kando ya njia inayokwenda milima ya Ileje. Kusubiri kulinitesa. Kila asubuhi niliamka na wazo jipya: labda jina langu limerukwa, labda kuna mwingine mwenye jina kama langu, labda nilisoma kitu ambacho taifa halikihitaji. Kitu kimoja tu kiliweza kukinyamazisha kichwa changu, nacho ni baiskeli. Nikiwa juu ya pedeli, kichwa kilikaa kimya.

Mwezi wa kwanza wilaya yetu ya Mbozi ingefanya mashindano ya baiskeli pale Vwawa, na watatu wa kwanza wangekwenda Mbeya kushindana na wilaya nyingine. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kuitaka digrii. Digrii nilisomeshwa na watu wengi. Hili nililitaka kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa nikuulize: umewahi kujaribu kufanya mazoezi ya baiskeli kwetu wakati wa sikukuu?

Mwezi wa kumi na mbili baiskeli haina mwenyewe. Siku moja baba mdogo alikuja alfajiri kuichukua ya kwangu apeleke ulezi mashineni, nikamwambia leo ninaitumia.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Nakwenda mpaka kule juu, halafu narudi."

"Kuchukua nini?"

"Sichukui kitu, baba."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Yaani karia inakwenda tupu na inarudi tupu, na mimi nibebe gunia kichwani? Msomi wangu, huo ndio ujamaa mliofundishwa huko?" Akaondoka nayo. Ilirudi jioni, tairi la nyuma limepasuka, na tairi miaka ile ulilitafuta kama ulivyotafuta sukari; ikabidi nilitie kiraka.

Halafu kuna kula. Shangazi wa Isansa anasema usipokuja Krismasi umemtupa. Mama mkubwa wa Ruanda, ile ya huku kwetu, anasema hivyo hivyo. Kila nyumba ina chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na mirija imeshaingizwa, na ukisema hunywi unaletewa kuku. Ukisema umeshiba, mwenye nyumba anauliza polepole, watu wote wakisikia: "Kwani unadhani nimekuwekea nini?" Unakula. Kisha uende ukapande mlima na tumbo lile!

Ila adui mkubwa alikuwa salamu. Kwetu Unamwanga huwezi kumsalimia mkubwa ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Unashuka, unailaza, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, na unazijibu zote. Ukipita umekaa juu kama bwana shauri, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Na mwezi ule wazee wote wako njiani, wanatembeleana. Kuna kilima chetu kimoja ambacho nilikipanda wiki nzima bila kukipanda hata mara moja: nilishuka kwa huyu, nikashuka kwa yule, nikafika juu kwa miguu.

Niliwaza sana, nikapata dawa. Asubuhi ya Krismasi wazee wote wanakuwa kanisani. Njia nzima ingekuwa yangu. Nikamwambia mama tumbo linanisumbua.

"Tumbo gani hilo linalojaza upepo tairi?" akasema. Lakini alikuwa ameona nilivyokonda kwa mawazo. "Nenda. Urudi kuku hajaiva. Na usinitie aibu njiani."

Nilipotoka niliapa kimoyomoyo: leo sishuki mpaka nimerudi.

Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanguka, na ukungu umekalia vilima. Njia ilikuwa tupu kweli. Kanisa nililisikia nyuma yangu likiimba, kisha sikulisikia tena. Nilipoanza kupanda mlima mrefu wa kwanza, mbele yangu nikamwona mtu juu ya baiskeli.

Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa wivu, si woga. Baiskeli yake ilikuwa ya kizamani, nzito, yenye breki za vyuma. Juu ya karia alikuwa amefunga kichwa cha cherehani, kimeviringishwa blanketi lakini umbo lake halifichiki. Unajua uzito wa kitu kile? Na yeye alikuwa anapanda amekaa. Hakuinuka kwenye kiti, hakuyumba, mgongo umenyooka kama mtu anayekunywa chai barazani. Mimi, karia tupu, nilikuwa nimesimama juu ya pedeli ulimi nje, na sikumkaribia hata kidogo.

Karibu na kilele akapunguza mwendo, nadhani kwa kunihurumia. Nilipofika ubavuni mwake aliachia usukani, mikono yote miwili, akanipigia makofi ya salamu, taratibu, kama inavyotakiwa. Mlimani! Kwenye utelezi! Baiskeli ikaendelea kunyooka kana kwamba kuna mtu ameishika.

"Mwapoleni, mukwai," akasema, kwa salamu ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Kisha akaingia Kiswahili. "Unavuma kama mivukuto ya mhunzi, mdogo wangu. Unakwenda wapi na Krismasi hii?"

"Shikamoo, kaka. Siendi popote. Nafanya mazoezi."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Una kwenu, kuku wanachinjwa, na wewe unaendesha usiende popote! Mimi natoka Kitwe, kwenye mgodi. Naenda nyumbani Ikinga, kule Ileje. Mama ameisubiri cherehani hii siku nyingi, nataka aipate leo, chakula kikiwa bado cha moto."

Hesabu nilizipiga kichwani na zikakataa. Kitwe si jirani, ni ndani kabisa ya Zambia. "Umelala wapi njiani?"

"Kulala si ni kushuka?"

"Hukushuka kabisa? Na milima yote ile?"

"Sijashuka," akasema, bila majivuno, kama unavyosema hujaoa. Kisha: "Unapoteza nguvu kwa kupigana na upepo. Kaa nyuma ya gurudumu langu. Upepo niachie mimi."

Nikakaa nyuma yake. Ee, ndugu yangu, sijui nikueleze vipi. Nimeendesha baiskeli tangu miguu yangu ilipopitishwa chini ya bomba kwa sababu haikufika juu, lakini siku ile ndipo nilipojua kuendesha ni nini. Upepo ulikoma. Hata manyunyu hayakunigusa. Miguu yangu ilizunguka pamoja na ya kwake, na milima ikawa inalainika chini yetu mmoja baada ya mwingine. Ajira, jina langu, mashindano, vyote vilitoka kichwani. Ningeweza kufika Malawi. Ningeweza kuendesha hivyo maisha yangu yote, na hilo, nikilifikiri sasa, ndilo linalonitia baridi.

Kwa kuwa nilikuwa nyuma, macho yangu yalikuwa chini, kwenye gurudumu lake. Muda mrefu niliona kitu bila kukiona. Pedeli zilizunguka. Gurudumu lilizunguka. Kati yao hapakuwa na mnyororo.

Unajua nilifanya nini? Niliwaza. Nilijiambia huenda ni aina ya baiskeli za mgodini. Nikajiambia mnyororo umefichwa na tope. Nilitoa hoja, nikazipinga, nikatoa nyingine, na wakati wote huo miguu yangu haikuacha kumfuata.

Tukafika njia panda. Njia kubwa inapinda kulia kufuata daraja jipya. Ya kushoto inateremka moja kwa moja mtoni.

"Tukate huku," akasema bila kugeuka. "Kwenye daraja la magogo tutafika mapema."

Daraja la magogo halipo. Lilichukuliwa na maji nikiwa bado mdogo, na kila mtu wa kwetu anajua. Nami nilijua. Utaniuliza, kwa nini hukufunga breki? Ndugu yangu, nilijua kwa kichwa, na kichwa changu siku ile kilikuwa kimenyamaza. Nilikuwa nimekitamani kinyamaze miezi yote ile. Nikateremka nyuma yake, na mto nikausikia ukinguruma chini ndani ya ukungu, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Katikati ya mteremko, kando ya njia, alikuwepo bibi kizee na fimbo yake, amejifunga kanga mpya ya sikukuu, anajikokota kwenda ibadani amechelewa kwa sababu ya miguu.

Sikuamua. Nataka uelewe hilo, mimi ambaye huamua jambo mara kumi. Mwili ulimwona mkubwa, na mwili ukashuka. Baiskeli ilianguka kwenye majani, mimi nikajikuta nimechuchumaa kwenye tope, napiga makofi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alinitazama, akaitazama baiskeli, gurudumu la mbele bado linazunguka. "Umeshuka. Aliyekulea amekulea."

Nikageuka kumtazama mwenzangu. Njia ilikuwa tupu mpaka majini. Ule mteremko ni wa tope jekundu, nao ulikuwa na alama ya matairi ya baiskeli moja, iliyoishia pale niliposhuka.

"Mimi hunipigia makofi tu, anapita," bibi akasema. "Usidhani ni kiburi. Hawezi kushuka."

"Ni nani, bibi?"

Alijiegemeza kwenye fimbo. Alisema yule alikuwa kijana wa Ikinga, mchimbaji wa huko Kitwe, na kila Krismasi alirudi nyumbani kwa baiskeli pamoja na wenzake. Mwaka wa mwisho maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo. Wenzake walishuka, wakajitwika mizigo vichwani, wakavuka wameshikana mikono. "Tulimpigia kelele, shuka, shuka! Akasema, nimetoka Kitwe sijashuka, nije nishuke kwa kijito hiki?"

"Akaanguka?"

"Kuanguka?" Bibi alionekana kama nimemtukana. "Alipita katikati ya yale maji kwa uzuri ambao sijauona tena. Tulianza kushangilia, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Ndipo daraja likaondoka, likaondoka naye." Akaifunga kanga yake upya. "Mama yake alikufa akishona kwa mkono."

Wakati huo, ng'ambo ya mto, juu katika ukungu wa upande wa Ileje, kengele ya baiskeli ililia. Mara moja, kisha tena, mbali zaidi, kama ya mtu anayeomba njia.

"Amevuka," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Kila mwaka anavuka," bibi akajibu. "Ila kufika, hafiki. Haya, nisogeze kanisani. Karia yako si tupu?"

Nilimsukuma bibi juu ya karia mpaka kanisani kwao, na kila mzee aliyetuona alisema mtoto wa fulani ana adabu. Habari zilimfikia mama, akafurahi. Sikumwambia kitu. Kuku nilimla mzima.

Utataka kujua mashindano yalikwendaje. Nitakwambia, kwa sababu ndipo nilipogundua nimebaki na nini. Pale Vwawa wenzangu wote walijificha nyuma ya migongo ya wengine kukwepa upepo, kama inavyopasa. Mimi sikuweza. Nikikaa nyuma ya mtu, macho yanateremka yenyewe kutafuta mnyororo, na hata nikiuona, miguu inakufa ganzi. Nikakimbia mbele peke yangu, na upepo wote wa Mbozi kifuani, na watu kando ya njia wakanishangilia kama kichaa wao. Karibu na mwisho watatu waliokuwa wamepumzika nyuma yangu wakanipita. Nikawa wa nne, na wa nne hapelekwi Mbeya.

"Umewaongoza njia nzima ili wakupite mlangoni!" Baba mdogo alinipigia kelele mbele ya umati. "Hiyo elimu ya wapi?" Kisha akanibeba mabegani.

Sasa ninafundisha, na kila sikukuu naendesha bado, peke yangu, upepo kifuani. Hali hiyo haijaniacha na nadhani haitaniacha. Simlaumu yule kaka. Nimewaona wanaojua baiskeli, na hapajakuwa na mmoja wa kumfikia hata nusu. Kuna asubuhi, mawazo yakinizidi, ninatamani mgongo ule ulionyooka uwe mbele yangu tena.

Kwa hiyo nawe ukipita njia ile ya Ileje siku za Krismasi, ukamwona mtu mwenye cherehani anapanda mlima amekaa, mpishe. Mpigie makofi, anastahili. Mtazame mpaka aishie kwenye ukungu, utawasimulia wajukuu. Lakini akikuhurumia, akakuambia ukae nyuma ya gurudumu lake upumzike, usibishane naye, wala usisubiri kutazama mnyororo. Shuka.